Tairi za Tela la Mama Mkwe

Tairi ya nne ilipopasuka, mama mkwe alikata shauri: ikipasuka nyingine, mkwewe, ambaye ndiye dereva wake, atamkabidhi funguo za lori lake, hata kama binti yake atalia machozi ya damu. Ila kwanza alitaka kujua sababu. Huyu alikuwa mtu wa kutaka kujua. Hata sufuria ya jirani angeifunua. Basi akapanda lori, akakaa mlangoni kabisa, mbali na mkwewe kadiri heshima na kiti vilivyoruhusu.

Alimvizia njia nzima. Mwendo wa kasi hakuuona. Mashimo kijana aliyakwepa kama amebeba mayai. Saruji kwenye tela ilipangwa sawasawa. Mama akaanza kuudhika, maana alikuja kukamata mkosaji na mkosaji haonekani.

Mchana walipumzika. Kijana akashuka na kipima upepo, akalizunguka tela, na kila tairi ikatoa sauti: pssss.

"Unafanya nini, baba?"

"Napunguza upepo, mama. Umezidi kipimo."

Mama akaigusa tairi, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto.

"Na asubuhi?"

"Asubuhi hatupimi, mama. Ni mchana tu."

Hapo machale yakamcheza. Akaamuru walale palepale, kwenye nyumba ya wageni ya kando ya barabara, kila mtu chumba chake. Alfajiri, tairi zikiwa zimepoa, akataka zipimwe tena. Upepo ulikuwa chini mno! Kumbe joto la barabara ndilo huupandisha, na ukipunguzwa wakati huo, tairi ikipoa hubaki legelege. Ikibebeshwa saruji hujikunja, huchemka, hupasuka.

"Nani kakufundisha upuuzi huu?"

Kijana akainamisha kichwa, akawa anafuta kipimo kwa shati.

"Si useme!"

"Ni wewe, mama. Siku uliyonipa funguo. Ulisema tupime mchana, na upepo usizidi hata kidogo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama alikumbuka kila neno, na aibu ikamshika.

"Na ulijua ni kosa?"

"Nilihisi."

"Ukanyamaza, nami nakusema mbele ya mkeo?"

"Ningeanzia wapi, mama? Wewe ni mkwe wangu."

 Mama akatoa simu, akampigia binti yake.

"Mwanangu, mumeo hana kosa. Mpasua tairi nimempata. Ndiye aliyekuzaa."

Akampa kijana simu aongee na mkewe, akaenda mwenyewe kutafuta pampu.