Akili ya mashini mu mufuko ya Zacharie

Ku Beni, Zacharie alikuwa na zoea moja, quartier yote ilikuwa inamuchekaka nayo. Kila magharibi, mbele ya kufunga kabureau yake ya kuandikia batu, anafungula ordinateur, ananyanyula kachuma kadogo, anatosha processeur. Kitu kenyewe kadogo sawa biskuti. Anaitia mu mufuko ya shati.

«Basoda bakikuya, babebe sanduku,» anasemaka. «Akili ya mashini inalala na miye.»

Ile mwaka ya vita, basoda bakakuya kweli na bunduki. Bakabeba sanduku ya ordinateur. Na Zacharie bakamupiga risasi mu barabara, anarudi kwake.

Ku hôpital bakapatia bibi yake wa ndoa, Nadège, shati, imekunjwa muzuri. Mu mufuko, akili ilikuwa ndani, baridi. Hakulia. Akaifunga mu kona ya kitenge, akapanda kamiyo ya Butembo. Kijiji ya Kalunguta ikapita, hakuiona.

Sasa anaikala kwa Mathe, ku Rughenda, quartier moja ya Butembo. Mathe alijifunza mashini pamoja na Zacharie, naye anaitaka Nadège yaya, sawa dada mukubwa. Ku meza kuko carte mère mupya, ile sahani ya kijani kwenye bintu byote bya mashini binashikamana. Ilitoka Kasindi, ku mupaka.

«Yaya Nadège, sikiya. Hii ilikuya na processeur yake, iko mbio sana. Ya Zacharie ni muzee, inatembeaka na fimbo.»

«Tosha hiyo. Weka ya Zacharie.»

«Mais yaya, unatosha muzima, unaweka mugonjwa?»

«Weka.»

«Na kama inakatala?»

«Basi ilikufa naye.»

Alisema vile sawa mutu anasema chumvi imeisha.

Mathe akageuza ile kitu. Mu tumiguu twake twingi twa chuma, tubili tulipinda. Akatunyoosha na ncha ya kalamu ya porte-mine, polepole, ulimi inje. «Zacharie huyu. Hata marehemu anatutumisha tu.» Nadège alikuwa anaangalia mikono ya Mathe sawa mutu anaangalia jirani anasonga bugali.

Akaitia ku carte mère, akawasha. Ventilateur ya kuipoza ikazunguka, écran ikabakia nyeusi. Mathe akaizima.

Akaitosha tena. Kamuguu kamoja kalikuwa kangali kamepinda. Akakanyoosha, akarudisha, akawasha. Mashini ikalia mara moja, tii. Ku écran jina ya processeur ikatokea.

«Imekubali,» Mathe akasema. «Mama wa kambo amepokea mutoto.»

Nadège akavuta kiti, akaanza kuandika programme ya kanisa, kazi Mathe alikuwa nayo. Akaandika mupaka magharibi.

Mathe akazima groupe yenye inaleta umeme. Kumbe mikono ya Nadège ilishaanza kufungula sanduku. Ikatosha ventilateur, ikanyanyula kale kachuma.

«Yaya, acha ilale mule. Utaivunja miguu.»

«Basoda bakikuya?»

«Hapa Butembo?»

Nadège akaitosha mule, akaitia mu kiganja.

Akafunga mukono. Halafu akaufungula, akaangalia, akaufunga tena.

«Iko na moto,» akasema.

«Si ilikuwa inatumika. Itapoa sasa hivi.»

Kitenge ilikuwa pale ku magoti, hakuigusa. Akakamata ile kitu na mikono yote mbili. Mathe alikuwa amesimama ku mulango na ufunguo. Akamwangalia kidogo, akaweka ufunguo ku meza, akaikala naye kungoja ipoe.