Waliochujwa Ijumaa

...wa mwisho, yeye, mwenyewe aliyeuleta mchezo wa kubashiri gofu ya televisheni, aliyechora mistari kwa rula na kuibandika karatasi ukutani kati ya kalenda na ratiba ya zamu, ndiye ashike mkia, hapana, hapana kabisa, hapa kuna kitu kimepinda na si kichwa chake, rudia hesabu, amesharudia mara tatu, mia na hamsini, mia hamsini na moja, mia arobaini na tisa, mia hamsini na sita, jumla mikwaju mia sita na sita, hiyo ya Mama Vifungo, mshona vifungo wa hapa dobi, na ya kwake elfu moja mia moja ishirini na moja, na kalamu imesimama hewani upana wa kidole kutoka pale alipoandika kwa herufi kubwa MSHINDI, na nyuma yake mashine ya kufulia inazunguka na taulo za klabu ya gofu, taulo hizo hizo zilizomwingiza kwenye balaa hili, maana mtu ukikunja taulo za wacheza gofu miaka miwili unaijua gofu, unaijua kuliko wanaoicheza, nani hapa alikuwa anajua kwamba kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye bingwa, nani, dereva wa kupeleka nguo alidhani ni kama mpira, mabao mengi ndiyo raha, na dada wa kaunta aliuliza kama mashimo yanachimbwa upya kila asubuhi, yeye ndiye aliyewafumbua macho, bure, bila ada, halafu leo Jumatatu saa mbili asubuhi wanamcheka... "Mtaalamu, umeganda kama shati lililotiwa wanga, tuandikie mshindi bwana, nina mzigo wa kupeleka," huyo dereva, na yeye ana ujasiri gani wa kufungua mdomo, kati ya wachezaji wake wanne mmoja alichujwa Ijumaa, siku wabovu wanapotolewa, wanne wa dada wa kaunta wamechujwa wawili, wa Mama Vifungo wamechujwa wote, wote!, wamefungasha fimbo zao Ijumaa jioni wakaenda kwao, na wanne wa Mtaalamu wamecheza siku zote nne mpaka Jumapili, mmoja wao ndiye aliyenyanyua kombe, kombe lenyewe, kwenye televisheni ile pale juu ya kaunta, wateja wakashuhudia, sasa mtu aliyebashiri bingwa awe wa mwisho na mtu aliyebashiri vilema wanne awe wa kwanza, hiyo ni akili ya wapi, ndiyo kwamba waliochujwa wamepiga mikwaju michache, lazima iwe michache, wamecheza siku mbili tu!, hata yeye angelala nyumbani siku nne angekuwa na mikwaju sifuri na angepewa meza ya dirishani... meza ya dirishani, jamani, mwezi mzima, bosi alishakubali kwa kucheka, mshindi afanyie kazi pale penye upepo na mwanga na wanaopita njiani wanakuona, Mtaalamu alishajiona pale, pasi mkononi, kola imesimama, mabinti wa chuo cha ushonaji wanapita saa saba, wewe subiri tu, sasa nani anakwenda kukaa pale, mama wa makamo na kopo lake la vifungo... "Soma sharti la kwanza, mwanangu, si uliliandika mwenyewe?" dada wa kaunta huyo, anamwita mwanangu kwa kumkebehi, wamepishana miezi minane, na sharti la kwanza analijua, kila mtu achague wachezaji wanne, mikwaju ya wote wanne ijumlishwe, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, hakuna kubadilisha, hakuna kulia, hilo la kulia aliliongeza yeye kwa wino mwekundu akimlenga dereva, na sasa linamtazama yeye, lakini sharti si maandishi tu, sharti lina roho yake, mtu mwenye akili timamu anajua aliyechujwa hahesabiwi, hilo nalo la kuandika?, wewe ukiambiwa fua shati unaambiwa pia litoe mwilini kwanza?, watasema ni kwa sababu aliacha shule mapema, waseme, hakuiacha shule, shule ndiyo ilishindwa kumbakiza, hesabu anazijua, kosa si la hesabu, ni la huyu mama, ana hila, ana hila kwa upole wake wote, aliomba orodha ya wachezaji akashuka nayo moja kwa moja mpaka chini, wale wa mwisho mwisho ambao hata mama zao hawawatazamii kombe, akatia alama nne, tena siku ile ile ya... Jumatano ile, ndiyo, Jumatano, alikuwa anampitishia uzi kwenye sindano, kama kila asubuhi, mara kumi kwa siku, Mtaalamu njoo unipitishie uzi baba, macho haya yamenikataa, kwenye ile kona ya boila ambako taa ni moja na mvuke unaimeza, uzi ulikuwa kwenye meno yake, mama akasema kitu, akasema nini... "Hivi baba, hawa wanaotolewa Ijumaa, hesabu yao inakwendaje?" na yeye, uzi mdomoni, akamjibu, Mama wewe chagua tu majina mazuri, hesabu niachie mwenye kichwa, akacheka mwenyewe, akampigapiga begani kama mtoto... aliuliza. Aliuliza mapema, kabla hata hajatia alama, aliuliza kitu ambacho hakuna mwingine humu aliyekiona, na yeye ndiye aliyemfunga mdomo, na hakuna aliyesikia, boila ilikuwa inanguruma, dereva alikuwa barabarani, ni wao wawili tu, na yule mama yuko pale kwenye kona sasa hivi, kumbe hata hajainua kichwa, anaweza kusema neno moja tu, nilimuuliza, na Mtaalamu akaitwa Mtaalamu wa kejeli mpaka azeeke, na hasemi, mbona hasemi, aseme basi!, anasukuma uzi, unapita pembeni ya tundu, anaulamba, anasukuma tena, unapita pembeni, na leo hajamwita, ameona kijana ana shughuli, na kule dirishani jua limejaa juu ya meza tupu, jua la bure kabisa, linalotosha kuona tundu la sindano, na ni nani huyo mwenye kichwa aliyekuwa analitaka kwa ajili ya kola yake... "Unaandika au huandiki?" anasema dereva, mashine bado inazunguka, kalamu bado iko hewani upana ule ule wa kidole, na nyuma ya meno yake, pale pale uzi ulipokuwa, kuna neno limekwama, aliniuliza, ni fupi tu, na kulitoa mbele ya hawa ni kazi kuliko kunyoosha shuka mia moja.