Hesabu za Gharib

Gharib wa Mwembetanga alikuwa na baiskeli za kukodisha, na watu wa Ng'ambo walimhesabu miongoni mwa matajiri. Wa kwanza kumhesabu hivyo alikuwa yeye mwenyewe. Kila alasiri alivuta mtoto wa meza, akachota fedha bila ya kuziangalia, akaiweka sawa kofia yake ya viua na kwenda barazani. Huko aliwalipia wote kahawa na kashata, na mtu akijaribu kutoa zake, Gharib alimshika mkono kwa uso wa aliyetukanwa. Jumamosi kwenye taarabu alikuwa wa mwanzo kuinuka kumtunza mwimbaji kwa fedha, tena akenda polepole, asije mtu akakosa kumwona.

Ajabu, duka halikuwa na fedha. Mwaka ule wa 1968 mipira ya baiskeli ilikuwa adimu, na ilipopatikana, Gharib hakuwa na cha kununulia. Akafikiri sana, akaona jambo liko wazi: anaibiwa. Na mwizi ni nani kama si Matar, fundi wake, Mtumbatu mmoja mkimya aliyekuwa akipokea fedha za wateja? Gharib hakumwambia Matar mwenyewe. Aliwaambia watu wa baraza, nao, huku wakinywa kahawa yake, wakatikisa vichwa na kusema ukimya ule si bure.

Maneno yakamfikia Matar. Hakugomba. Alimwomba Gharib fedha ziandikwe, zinazoingia na zinazotoka, na aandike mtu mwengine. Gharib alifurahi kama aliyeletewa mwizi mlangoni. Akamweka dada yake mkubwa, Bi Kazija, mjane aliyejifunza kuandika karibuni katika darasa la watu wazima, akamsihi asiiache hata thumni.

Mwezi ulipokwisha, aliwaita watu wa baraza dukani waje washuhudie. Msabah, msemaji wao, akakaa mbele. Gharib akachota fedha za kuwaagizia kahawa, na Bi Kazija akaziandika hizo nazo.

Kisha akasoma, kidole kikiufuata mstari. Kodi za baiskeli zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani Gharib, naye akamtupia Matar jicho. Yakaja matumizi: gundi na viraka, mshahara wa fundi. Halafu Bi Kazija akaendelea kwa sauti ile ile: Gharib, kahawa ya baraza. Gharib, kahawa ya baraza. Gharib, taarabu. Gharib, nauli ya Msabah, harusi ya Kizimkazi. Gharib, kahawa ya baraza.

Vikombe vikawekwa chini, kimoja baada ya kimoja.

"Mtu haibi mali yake, dada," alisema Gharib.

"Sikusema umeiba. Umekula. Zilizobaki hizi hapa, hazikupungua hata senti."

Gharib akamtazama Msabah, na Msabah akakohoa. Ikiwa fedha zimeliwa, basi walaji walikuwa wamekaa pale pale, na hakuna aliyependa kesi iendelee upande huo. Msabah akatoa hukumu: kosa ni la Matar, maana fundi mwenye adabu hamtafutii bwana wake aibu mbele ya watu. Wenziwe wakaitikia haraka haraka. Gharib aliujua ukweli, ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini alipoisikia hukumu ile aliiona ya haki kabisa.

Matar alizifunga spana zake kwenye kitambaa, akamuaga Bi Kazija kwa heshima, akatoka. Baadaye alifungua kibanda chake Jang'ombe, akamwomba bibi yule aende kumshikia fedha. Akaenda, tena kwa mshahara.

Baiskeli za Gharib zikaanza kulala, hii mnyororo, ile breki. Akauza moja anunulie mipira ya nyengine, na fedha zake zikapitia barazani kwanza. Ya mwisho aliinunua Msabah, kwa bei ya kirafiki, na tangu siku hiyo akawa hana wasaa wa kukaa na Gharib.

Mgeni akimuuliza limekwendaje lile duka lake, Gharib humweleza, kwa huzuni ya kweli, kwamba biashara yake ilikuwa nzuri sana mpaka walipoanza kuiandika. Kuandika, husema, kuliiondoa baraka.