Mtaa Ulio Chini ya Ziwa

Honorata alikubali nyumba yake iuzwe mtandaoni kwa sababu Melania, binti yake anayefundisha Kasulu, alimsihi mpaka akachoka kukataa. Goti la kushoto lilikuwa limekishindwa kabisa kile kilima cha Bangwe. Kushuka mwaloni kununua samaki hakukuwa na shida. Kazi ilikuwa kurudi. Siku moja majirani walimkuta amekaa kando ya njia, kikapu mapajani, akijifanya anapumzika kwa hiari yake.

"Mama, njoo huku tukae wote," Melania alimwambia. "Nyumba waachie watu wa mtandaoni. Siku hizi mnunuzi anaiona nyumba hata kabla hajavaa viatu."

Kampuni hiyo ilikuwa na ofisi Dar es Salaam, na kwa upande wa Kigoma ilimtegemea dada mmoja wa Ujiji aitwaye Yasmini. Alifika asubuhi moja ya Septemba, begi kubwa mgongoni, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwakeye," Honorata alimwamkia na kwa Kiha. "Ndiye wewe dalali?"

"Ndiye mimi. Ila sisi hatutembezi watu, mama. Tunaitembeza nyumba."

Honorata alicheka, akamkaribisha. Yasmini alipiga picha sebule, vyumba, jiko la nje, na ukuta wa matofali ambayo marehemu Gasper, mume wa Honorata, aliyachoma mwenyewe. Kisha akatoka uani, akafungua begi na kutoa droni, kidude cheusi chenye mapanga manne madogo. Akakiweka chini, akabonyeza rimoti. Kikavuma kama mzinga wa nyuki uliochokozwa, kikapaa juu ya bati na kwenda zake.

"Njoo uone kwako, mama," Yasmini alisema, akimsogezea kioo cha simu.

Honorata alikuwa ameishi katika nyumba ile zaidi ya nusu ya umri wake, na hajawahi kuiona kutoka juu. Aliona paa lake, na kutu yake, dogo kuliko alivyodhani. Aliona michikichi ikiwa imetandaza majani pande zote, njia nyekundu ikishuka kilima, na pale njia ilipoishia, ziwa. Upepo wa kusi ulikuwa umekwisha na mvua zilikuwa hazijaanza. Jua lilikuwa limepanda vya kutosha, na maji hayakuwa na hata kikunyanzi. Droni ilipita juu ya ufukwe, ikaelekea majini, na ghafla ziwa likawa halina kifuniko. Mchanga ulionekana, mawe yalionekana, na kati ya mchanga na mawe kulikuwa na mstari ulionyooka, ukakunja kona, ukanyooka tena.

"Simamisha hapo," Honorata alisema.

"Mawe hayo, mama?"

"Mawe hayana kona, mwanangu. Huo ni msingi wa nyumba."

Yasmini aliishusha droni kidogo. Kona zikaongezeka. Chumba, na chumba kingine, na ukumbi katikati. Pembeni msingi mwingine, na mwingine, na katikati yao ukanda mweupe ulionyooka kama ulivyonyooka siku zote, kwa kuwa ilikuwa barabara.

Ule ulikuwa mtaa wa chini. Miaka ile ziwa lilipopanda, lilipanda polepole, bila kishindo. Kwanza maji yalilowanisha vizingiti. Watu wakaweka viroba vya mchanga. Maji yakavizunguka viroba, yakaingia jikoni, yakazima mafiga. Hakuna aliyekufa. Watu waling'oa milango na mabati yao, wakavipandisha kilimani vichwani, na asubuhi moja ikawa hakuna mtaa tena, kuna ziwa tu linalong'aa mahali watoto walikokuwa wakicheza. Wenyewe wakatawanyika: wengine Katubuka, wengine Ilagala, wengine ng'ambo Kongo. Kutoka barazani kwake Honorata alikuwa akitazama maji yale kila siku. Hakujua kwamba mtaa bado uko pale, umelala kama ulivyoachwa.

Kidole chake kilianza kutembea juu ya kioo.

"Hapa ni kwa Castory fundi cherehani. Hapa tulikuwa tunachota maji, bomba lile pale, linaonekana! Hapa kwa Mama Leonia." Sauti ilimpungua. "Na hivi viduara ni nini?"

Ndani ya vyumba, juu ya mchanga uliofunika sakafu, kulikuwa na duara nyingi, kila moja imechongwa vizuri kama bakuli. Juu ya duara mojawapo vivuli viwili virefu vilikuwa vimesimama bila kuondoka, na chini yao wingu dogo la vitone likicheza.

"Viota vya kuhe, samaki wetu wakubwa," Honorata akajibu mwenyewe. "Dume na jike. Wanalea watoto chumbani kwa Mama Leonia."

Wakaendelea kuwatazama mpaka rimoti ilipoanza kulia kwamba chaji inakwisha.

Jioni ile Elia, mkuu wa Yasmini huko Dar, alipiga simu. Nyumba ni nzuri, alisema, lakini kipande cha majini kikatwe. Mteja akiona nyumba zimezama atakimbia.

Yasmini hakupenda kuamua peke yake. Alimpigia Honorata.

"Mwambie akimbie mapema," Honorata alisema. "Maji yako mbali na kwangu, kila mtu ataona hivyo. Lakini anayekuja kukaa na ziwa hili alijue. Mimi simfichii mtu ziwa."

Elia alinung'unika, akakubali. Tangazo likatoka na kipande chake.

Mteja wa kwanza, mtu wa Mwanza aliyekuwa amekwisha kutaja bei, alinyamaza na hakuonekana tena. Honorata akafikiri mambo yameishia hapo. Lakini video ilikuwa imeanza safari nyingine. Watu wasiotaka nyumba yoyote walikuwa wakiitumiana. Simu ya Yasmini ikajaa ujumbe kutoka Mpanda, kutoka Bujumbura, kutoka Dodoma. *Hiyo ya pili kushoto ni kwetu. Rudisha nyuma kidogo, hapo nilizaliwa. Mama ameona ngazi zake, analia, lakini analia vizuri.* Castory fundi cherehani, ambaye sasa alikuwa Ilagala, alituma sauti: "Nimeona mahali pa cherehani yangu. Mungu mkubwa. Samaki wamekaa pale pale nilipokuwa nakaa mimi."

Kisha akapiga Merina.

Ukoo wa Merina ulitoka Fizi, Kongo, ila yeye alizaliwa Kigoma, akaolewa Kigoma na Lukas, mvuvi mtaratibu aliyefariki miaka mingi kabla ya maji. Lukas alizikwa nyuma ya nyumba yao. Ziwa lilipochukua mtaa lilichukua na kaburi, na Merina akavuka kwenda Kalemie kwa mwanawe Heritier. Tangu hapo hakuwa amerudi. Watu walisema haoni sababu ya kurudi kutazama maji.

"Dada Honorata," alisema kwenye simu ya video, uso wake umejaa kioo kizima, "video yenu inageuka kabla haijafika kwetu. Niombee kwa huyo binti. Aende mbele kidogo. Nyuma ya nyumba, upande wa yale mawe mawili makubwa."

Yasmini alikuja siku ileile. Droni ikapaa, na safari hii picha ilikwenda moja kwa moja mpaka Kalemie. Ilipita kwa Mama Leonia, ikapita bombani, ikaufikia msingi wa mwisho, ikayapata mawe mawili. Kati yake, juu ya mchanga, palikuwa na kitu chenye pembe nne. Vigae vilikuwa vimeota ukijani pembeni, lakini katikati mawimbi yalikuwa yameviosha, na vilikuwa vyeupe. Msalaba ulikuwa umesimama. Haukuinama hata kidogo. Kundi la samaki wadogo wenye mistari lilikuwa likiuzunguka polepole, upande mmoja, upande wa pili.

Merina hakulia. Alifunika mdomo kwa viganja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani ziwa limemmeza."

Wiki iliyofuata alivuka pamoja na Heritier. Honorata alimngoja juu kwa sababu ya goti, lakini Merina alipofika chini ya kilima alituma mtu kumwambia: mimi siji nyumbani kwanza, njoo wewe twende wote majini. Heritier akapanda kumchukua, akamshika mkono njia nzima.

Waliingia kwenye mtumbwi, wanawake wawili katikati, Heritier nyuma na kasia. Yasmini alibaki ufukweni. Walipita juu ya barabara. Honorata alichungulia, akaona kivuli cha mtumbwi kikitambaa chini yao juu ya mchanga, kikipanda vizingiti na kuingia vyumbani. Alijiona kama mtu anayepita hewani juu ya maisha yake mwenyewe.

Kwenye mawe mawili Heritier aliacha kupiga kasia. Maji yakatulia. Kaburi lilionekana karibu kiasi kwamba Merina alinyoosha mkono, akauzamisha mpaka begani, na bado hakulifikia.

Akaanza kuongea nalo. Alimwambia Lukas juu ya wajukuu, juu ya Kalemie, juu ya Heritier kuoa. Aliongea kama mtu aliyerudi kutoka sokoni na kumkuta mumewe barazani. Heritier aliinamisha kichwa. Honorata alitazama mlima wa Kongo uliokuwa kama moshi ng'ambo ya pili, kisha akashindwa, akatazama tena chini.

Walipopanda nyumbani, Merina hakuuliza habari za vyumba wala tangi la maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya baraza, akasimama.

"Kutoka hapa yale mawe yanaonekana?"

"Asubuhi, kukiwa shwari," Honorata alimjibu. "Yanaonekana kama mgongo wa kiboko."

"Basi nyumba nimeichukua."

Heritier alizungumza bei na Yasmini, wakaandikishana kwa mwanasheria mjini, na tangazo likaandikwa *Imeuzwa*. Kabla ya kwenda Kasulu Honorata alikaa na Merina siku chache, akimwonyesha dirisha gani hukwama wakati wa masika na jirani gani huazima bila kurudisha.

Mpaka leo Merina yuko pale pamoja na Heritier. Wale waliotawanyika wanaendelea kuja, mmoja mmoja, hasa Septemba. Wanapiga hodi, wanasema wao ni wa nyumba ipi kule chini, naye anawawekea chai, kisha Heritier anawasukumia mtumbwi majini. Wakirudi huwa wamepunguza sauti. Mama Leonia, aliyetoka Mpanda na wajukuu zake, alikaa barazani jioni nzima bila kukigusa kikombe chake. Mwishowe alimgeukia Merina.

"Wamezaa tena," alisema. "Chumbani kwangu. Wadogo hivi, hawahesabiki."