Kifaru Kwenye Bwawa la Protus

Mume wangu Willis ana miaka hamsini na tisa na vifaru saba. Ni vifaru vya vita, vya kuchezea, kila kimoja cha kujaza karai, na anaviendesha kwa rimoti. Vimewekwa chumba cha ndani, pakavu. Mimi na cherehani yangu tuko barazani, na mvua ya hapa haina adabu: ikifika saa tisa, sare za shule za watu zimelowa.

Nimelalamika mpaka nimechoka. Mwishowe Willis akaapa mbele ya jirani yetu Protus, mwenye bwawa la samaki: "Jumamosi kifaru changu kisipovuka hilo bwawa, Mama Sammy achukue chumba."

Ningenyamaza tu Jumamosi hiyo, chumba kingekuwa changu. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Walianza saa nne. Willis alikuwa fundi wa mitambo ya sukari maisha yake yote, na haamini kitu chepesi, kwa hiyo alikuwa amekiunda kwa chuma. Kikazama papo hapo. Protus akaingia majini hadi kiunoni kukitoa. Wakakifunga vipande vya godoro ubavuni. Godoro! Nikawauliza kama hawajawahi kuona godoro lililolowa. Kikazama tena, kizito kuliko mwanzo. Saa saba ndipo walipokumbuka lile povu jeupe linalokuja na friji mpya, na kifaru kikaelea.

Kikaelea, lakini hakikwenda popote. Minyororo yake ya kutembelea ilizunguka, maji yakaruka, samaki wakatawanyika, na chenyewe kikabaki palepale.

"Hii kitu imekataa tu," Willis akasema. "Labda ni betri."

Akabadilisha betri. Akabadilisha tena. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, tepu shingoni, mkasi kwenye aproni, tayari nawaza pa kuweka meza ya kukatia. Nikautazama ule mnyororo. Juu ulikwenda mbele, chini ukarudi nyuma, sawasawa na mkanda wa cherehani yangu. Chini ulisukuma maji nyuma, juu ukayasukuma mbele, na wote ulikuwa ndani ya maji. Kifaru kilikuwa kinajizuia chenyewe! Nikafunga mdomo. Willis akatoa betri mara ya tatu, akaipuliza.

"Baba Sammy! Funika hiyo mnyororo upande wa juu!" nikaropoka.

"Nifunike na nini?"

Jamani. Nikachukua jerikeni tupu la Protus, nikapima, nikakata vifuniko viwili, nikatoboa matundu kwa bisibisi, nikavifunga kwa waya. Dakika kumi. Kazi mbovu siwezi kuiangalia, huo ndio ugonjwa wangu.

Kikavuka. Kiliyumba, kilikwenda polepole, lakini kilifika ng'ambo, na Willis akarukaruka kwenye matope.

"Protus, si nilikuwanga nakwambia? Nimegundua siri yake!"

Amegundua! Yeye!

Matone yakaanza. Nikakimbia nyumbani, nikakuta sare kumi na mbili zinachuruzika maji, na wenyewe walizitaka Jumatatu. Nililia kwa hasira, sioni haya kusema. Kisha nikaisukuma cherehani hadi chumba cha ndani, nikaiweka katikati ya vifaru.

Willis akaingia ameloa, kifaru kwapani.

"Lakini Mama Sammy, si ilivuka?"

"Ilivuka na kazi yangu. Kata hizo waya, toa vifuniko, urudi uivushe tena. Nakungoja hapa."

Akakitazama kifaru, akanitazama mimi. Halafu akaanza kuvibeba vifaru vyake kuvipeleka barazani, kimoja kimoja. Alipochukua cha mwisho akasimama mlangoni.

"Na hizi sita zingine," akasema kwa sauti ndogo, "utazikatia vifuniko pia?"

Nilitaka kumrushia mkasi. Nikamrushia tepu.

"Lete vipimo," nikamwambia.