Namba ya Msusi

Msusi alitumia simu ya kukodi, na laini yake ilikuwa kwenye kifurushi cha familia, vyote kwa jina la wifi yake. "Tukiwa pamoja ni nafuu," wifi alimwambia, naye akaona huo ndio undugu.

Siku moja wifi akaichukua simu, akasema mkataba umekwisha na laini imefungwa. Wateja wakaadimika. Msusi akaazima simu ya jirani, akaipiga namba yake.

"Saluni hapa, karibu mpenzi," wifi akaitikia.

"Wifi, ni mimi."

"Laini ina jina langu, wifi. Usinilaumu."

Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Msusi alinunua kisimu cha vitufe na laini kwa jina lake. Wateja wachache walirudi. Kwa wifi hakukanyaga tena.