Pua ya Wifi

Wifi yangu anajua kuchoma nyama kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na kwa kuwa analijua hilo, hakuna anayepata amani karibu na jiko lake. "Mtu asinigusie koleo," hutuambia. Mimi kazi yangu ni kubeba, kuendesha boti na kunyamaza. Mbili za kwanza naziweza.

Kila asubuhi tunapeleka chakula kwa mafundi wanaojenga daraja katikati ya maji. Boti ni ya mume wangu, ambaye ni kaka yake. Nyuma ina injini, mbele ina jiko dogo la gesi la kuchomea, limefungwa kwa waya lisiteleze, na mtungi wake kando. Tumelizungushia turubai kukinga upepo. Tunajisogeza ubavuni mwa jukwaa la mafundi, wifi anageuza kuku na soseji, mimi nakata mikate na kutaniana na wachomeleaji. Tunarudi jua likiwa utosini, miguu imevimba, nguo zinanuka mafuta, na nyumbani vyombo vinatungoja.

Siku hizo nilikuwa nimechoka mpaka nimezoea. Ndiyo maana sikushtuka mapema. Wifi aliunguza kuku akiwa amesimama mbele yake, moshi unampita usoni. Mara nyingine akanywa chai ya maziwa yaliyoharibika, akalalamika sukari tu. Nikamcheka. "Wifi, uzee unakujia mbio." Akanisonya, yakaisha.

Asubuhi moja boti ilikuwa bado imefungwa gatini. Yeye alitangulia kuwasha jiko lishike moto, mimi nikapanda juu kufuata mikate. Niliporudi, nimekanyaga tu ndani ya boti, harufu ya gesi ikanipanda puani hadi machozi yakanitoka. Upepo ulikuwa umepenya chini ya turubai ukauzima moto, na gesi ikaendelea kutoka, ikajaa chini kwenye sakafu isiwe na pa kutokea. Wifi alikuwa amechutama humo humo, anakata vitunguu. Akatazama jiko, akaona halina moto, akachukua kiberiti.

"Weka chini!"

"Nini tena?"

"Wifi, weka chini! Gesi!"

Akanikazia macho kwa hasira. Kisha akavuta pumzi kwa nguvu, akarudia, kama mtoto mwenye mafua. Hapo ndipo nilipoiona hofu usoni mwake. Akakiweka kiberiti juu ya vitunguu, taratibu. Nilifunga mtungi, nikang'oa turubai, nikamvuta mkono tukapanda gatini. Nikakaa chini palepale na mikate yangu mapajani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu ile homa iliyonilaza kitandani." Hakunitazama. "Sisikii harufu ya kitu chochote. Nyama naisikiliza inavyolia kwenye chuma, naangalia rangi. Siku nyingine nabahatisha."

"Na ukanyamaza? Ungetulipua, wifi! Sisi na wale watu wa daraja!"

"Ningesema nini? Kaka angeniondoa siku hiyo hiyo. Mume wangu ameshakufa, nakaa kwenu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu ni hilo jiko. Mkinipokonya, nitakuwa nani pale nyumbani? Mtu wa kuulizwa kama ameshiba?"

Nilikuwa na maneno makali mdomoni, na aliyastahili. Nilimkasirikia, nikamwonea huruma, na kuliko yote hayo nilitamani kujinyoosha pale gatini nilale. Lakini mafundi walikuwa wanangoja, na jioni mume wangu angeuliza.

"Nitamwambia kaka yako," nikasema. "Leo, na wewe ukiwepo. Nabeba mengi, wifi. Hili siwezi kulibeba."

Nilitegemea anitukane. Akaitikia kwa kichwa tu, akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilishakauka.

Tukakaa tukiiangalia boti ikipunga hewa. Kisha akasema, "Yule mjukuu wetu."

Binti yangu alikuwa amejifungua juzi, na nyumba nzima tulikuwa tukimgombania mtoto.

"Amefanyaje?"

"Mlivyokuwa mnampokezana, kila mtu anasema ananukia. Nami nikasema, kweli ananukia. Nikamwekea pua kwenye kisogo." Akajigusa pua. "Hakuna kitu, wifi. Kama nimenusa ukuta. Ananukiaje?"

Miaka yote tuliyokaa pamoja, hakuwahi kuniuliza jambo asilolijua yeye. Nami si mtu wa maneno matamu, waulize wanangu. Nikafumba macho, nikamtafuta yule mtoto.

"Maziwa," nikasema. "Yale yanayomwagikia shingoni yakaanza kuchacha kidogo."

"Eh."

"Na jasho. Lakini jasho la mtu ambaye hajawahi kufanya kazi."

Akacheka, machozi yakamtoka. "Na nini tena?"

"Na nguo iliyoanikwa juani. Na utosini pana joto, sijui nilisemeje, joto lenye harufu yake."

"Na nini tena, wifi?"

Sikuwa na kingine. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri, kwa hiyo nikaanza kutunga.